Nondo wa Viazi Vitamu: Mharibifu wa Matembele, Mtumishi wa Mpapai

Usiku wa mvua za masika au za vuli, taa iwakayo barazani katika kisiwa cha Unguja huvuta wadudu wa kila namna. Wengi wao ni wadogo, na hakuna awajaliye. Lakini mara moja moja huingia mdudu mwingine, mnene kama kidole gumba, mwenye mabawa mapana kama kiganja cha mtu mzima. Hujigonga ukutani kwa kishindo, huizunguka taa kwa mvumo mzito, na macho yake hung'aa kama makaa. Watoto humkimbia, wengine humdhania kuwa ni popo mchanga. Aghalabu mwisho wake ni kupigwa kwa ufagio.

Asubuhi yake, nje ya mji, mkulima huingia katika shamba lake la viazi vitamu akakuta baadhi ya marando yamebaki vijiti vitupu. Akipekua majani yaliyosalia humwona kiwavi mkubwa mwenye pembe mkiani. Huyo naye huuawa, tena kwa hofu, kwani wengi huamini kwamba pembe ile ina sumu.

Ni watu wachache watambuao kwamba mdudu wa barazani na kiwavi wa shambani ni kiumbe kimoja. Walio wachache zaidi ni wale wajuao kwamba kiumbe huyo huyo ni wa familia ya wadudu ambayo bila ya kazi yake mipapai mingi ingetoa maua na isizae. Makala haya yanaeleza alama za kumtambulia nondo huyu katika kila hatua ya maisha yake, hasara aletayo na faida yake, ili mtu ajue la kufanya kabla ya kuinua ufagio au bomba la dawa.

Jina na ukoo wake

Kwa wengi, neno nondo huwakumbusha mdudu mdogo ambaye viwavi wake hula nguo za sufi sandukuni. Lakini nondo ni kundi kubwa sana la wadudu walio ndugu wa vipepeo. Kwa kawaida kipepeo huruka mchana, na papasi zake huishia kwa kirungu kidogo. Nondo walio wengi huruka usiku, na papasi zao hazina kirungu hicho. Kama vipepeo, mabawa yao yamefunikwa na vigamba vidogo mno ambavyo, mdudu akishikwa, hubaki vidoleni kama vumbi.

Nondo anayezungumzwa hapa huitwa na wataalamu Agrius convolvuli. Katika makala haya ataitwa nondo wa viazi vitamu, kwa kuwa mmea huo ndio unaomjulisha zaidi kwa wakulima. Mtaalamu wa Sweden, Carl Linnaeus, alimpa jina la kisayansi mwaka 1758, akamwita Sphinx convolvuli. Neno la pili, convolvuli, latokana na mimea ya familia ya kiazi kitamu, Convolvulaceae, ambayo viwavi wake hula. Neno la kwanza ni jina la sanamu ya kale ya Misri yenye kichwa cha mtu na mwili wa simba, kwa sababu kiwavi wa jamii hii, anapoguswa, huinua kifua na kukiinamisha kichwa akatulia kama sanamu hiyo. Baadaye wataalamu walimhamishia katika jenasi ya Agrius. Mwalimu atakayefungua vitabu vya zamani huenda akamkuta kwa jina la Herse convolvuli; huyo ni yule yule.

Familia yake, Sphingidae, ina spishi zaidi ya 1,400 duniani. Zile za bara la Afrika ziliorodheshwa mwaka 1968 na R. H. Carcasson wa makumbusho ya Nairobi, na orodha yake imewaongoza watafiti wengi waliomfuata. Visiwani Zanzibar, uchunguzi wa wadudu waharibifu wa mazao ulianza mapema: mwaka 1920 Dk. W. Mansfield-Aders, aliyekuwa mtaalamu wa elimu ya viumbe wa serikali ya wakati huo, alichapisha makala juu ya wadudu wanaodhuru mazao ya visiwa hivi. Jina la mtu huyo limebaki katika jina la kisayansi la paa nunga wa Unguja, Cephalophus adersi.

Alama za nondo mzima

Nondo wa viazi vitamu hatambuliwi kwa ukubwa wake peke yake. Hana budi kuchunguzwa sehemu nne: mabawa ya mbele, mabawa ya nyuma, tumbo, na mrija wa kunyonyea.

Mabawa ya mbele ni marefu, membamba, yenye ncha. Yakikunjuliwa, upana kutoka ncha hadi ncha huwa kati ya sm 8 na sm 12. Rangi yake ni ya majivu, yenye mistari na madoa ya rangi iliyokoza zaidi. Madume huwa na madoa yaliyo dhahiri zaidi kuliko majike. Mabawa ya nyuma ni mafupi, nayo pia ni ya kijivu, yenye mikanda myeusi-myeusi. Alama hii ya pili ni muhimu: mabawa ya nyuma ya nondo huyu hayana rangi ya njano wala nyekundu.

Tumbo ndilo lenye uzuri wake. Katikati ya mgongo hupita utepe wa kijivu kutoka mwanzo hadi mwisho wa tumbo, na kila upande wa utepe huo kuna pingili za rangi ya waridi zilizotengwa kwa mikanda myeusi. Anapopumzika mchana, nondo huyafunika mapambo hayo yote kwa mabawa yake ya mbele, akaonekana kama kipande cha gome au cha chokaa iliyochakaa. Katika kuta za mawe na chokaa za Mji Mkongwe mtu aweza kupita karibu naye asimwone. Akishtuliwa, hufunua mabawa ghafla, na ile rangi ya waridi iliyofichika hujitokeza.

Mrija wa kunyonyea ni alama ya nne. Nondo huukunja chini ya kichwa kama utepe wa saa. Ukinyoshwa waweza kufikia sm 10 au kupita, yaani karibu mara mbili ya urefu wa mwili wake. Kwa mrija huo hunyonya mbochi, yaani maji matamu yaliyomo ndani ya maua, bila kutua juu ya ua. Hubaki hewani mbele ya ua akipiga mabawa kwa kasi ambayo jicho la mtu haliwezi kuyahesabu mapigo yake.

Kuruka kwa namna hiyo kwahitaji nguvu nyingi. Kabla ya kuondoka mahali alipotua, nondo huyu hutetemesha misuli ya kifua kwa muda ili ipate joto, mithili ya dereva awashaye injini asubuhi kabla ya kuondoa gari. Mwenye kumwona akitetemeka huweza kudhani anakufa, kumbe anajitayarisha kuruka.

Ni msafiri hodari pia. Spishi hii imeenea Afrika nzima, Ulaya ya kusini, Asia na Australia, na kila mwaka baadhi yao huruka kutoka Afrika kwenda kaskazini hadi Uingereza, hata Iceland, ambako baridi huwazuia kudumu. Kwa mdudu wa namna hiyo, mkondo wa bahari utengao Unguja na Tanzania Bara si kizuizi kikubwa.

Wanaofanana naye

Afrika ya Mashariki ina nondo wengine wakubwa wa familia hii, na kosa la kuwachanganya ni rahisi. Mwanafunzi atatofautisha wale mashuhuri kama ifuatavyo.

Acherontia atropos ni mnene kuliko nondo wa viazi vitamu, na upana wa mabawa yake huweza kufika sm 13. Kifuani ana doa mfano wa fuvu la kichwa cha mtu. Mabawa yake ya nyuma ni ya njano yenye mikanda miwili myeusi, na tumbo lake ni la njano, si la waridi. Mrija wake ni mfupi na mnene. Huutumia kutoboa masega na kunyonya asali ndani ya mizinga ya nyuki. Akishikwa hutoa sauti kama ya panya. Doa lile la fuvu na sauti hiyo vimewatia watu hofu katika nchi nyingi, lakini haumi wala hana sumu.

Hippotion celerio ni mdogo zaidi, mwenye upana wa sm 6 hadi 8. Ana mstari mweupe wa rangi ya fedha uendao hadi ncha ya bawa la mbele, na mabawa yake ya nyuma yana wekundu wa waridi. Viwavi wake nao hula viazi vitamu, pamoja na majimbi na mizabibu. Lakini kiwavi wake ana madoa mawili kama macho nyuma ya kichwa, ambayo kiwavi wa nondo wetu hana.

Xanthopan morganii ni mkubwa kama nondo wa viazi vitamu au kumzidi, na mrija wake ni mrefu vile vile. Lakini mashina ya mabawa yake ya nyuma yana rangi ya njano, na pande za tumbo lake zina madoa ya njano.

Daphnis nerii hawezi kukosewa: mabawa yake yana mawimbi ya rangi ya kijani na ya waridi, kama karatasi ya mapambo.

Kwa muhtasari, nondo mkubwa wa rangi ya majivu, mwenye mabawa ya nyuma ya kijivu na tumbo lenye pingili za waridi na nyeusi, ni nondo wa viazi vitamu. Mwenye njano ni mwingine.

Kutoka yai hadi nondo

Jike hutaga mayai moja moja juu ya majani ya mimea ya familia ya kiazi kitamu. Yai ni duara, dogo, lenye kipenyo cha takriban mm 1. Baada ya siku chache hutoka kiwavi mdogo, na tangu siku ya kwanza huwa ameshika pembe yake mkiani.

Kiwavi hukua kwa kujivua ngozi, na hupitia hatua tano. Katika hatua za mwanzo hula kidogo, naye ni vigumu kumwona kwa kuwa ni wa kijani. Katika hatua ya mwisho hufikia urefu wa takriban sm 9. Wengine hubaki kijani, wakiwa na mistari ya mshazari ubavuni. Wengine hugeuka hudhurungi au karibu weusi. Tofauti hizo za rangi zimewafanya watu wengi wadhani kuwa ni wadudu wawili mbalimbali. Sehemu kubwa kabisa ya chakula chote cha kiwavi huliwa katika hatua hii ya mwisho; ndiyo sababu mkulima hulala shamba likiwa salama, na baada ya siku mbili tatu akakuta majani yametoweka.

Pembe ya mkiani ni laini. Haina mwiba, haina sumu, wala haichomi. Mwalimu aweza kuwahakikishia wanafunzi jambo hilo kwa kumchukua kiwavi mkononi mbele yao.

Akiisha kushiba, kiwavi huteremka, hujichimbia ardhini sm kadhaa, na humo hugeuka pupa. Pupa wa nondo huyu ana alama isiyosahaulika: ni wa rangi ya hudhurungi nyekundu, na upande wa kichwani ana kitanzi kilichopinda kuelekea kifuani, mfano wa mkono wa kikombe. Kitanzi hicho ndicho ala ya ule mrija mrefu wa nondo atakayezaliwa. Wakulima wapinduao matuta huwaokota mara nyingi bila kujua ni nini. Katika nchi za joto kama Zanzibar, nondo hutoka ardhini baada ya wiki mbili tatu, na mzunguko huanza upya.

Hasara shambani

Kiazi kitamu ni chakula cha maana katika Unguja. Huchemshwa kwa chai asubuhi, hupikwa kwa tui la nazi, na ni futari ya nyumba nyingi katika mwezi wa Ramadhani. Majani yake, matembele, ni mboga ya kila siku. Kwa hiyo mdudu alaye majani hayo hushindana na mtu mara mbili: hula mboga yenyewe, na hupunguza chakula ambacho majani hutengeneza kwa ajili ya kiazi kilichomo ardhini.

Hata hivyo, hasara hiyo yafaa kupimwa kwa kipimo cha haki. Shamba changa, lililopandwa karibuni, huweza kudhurika sana, maana kiwavi mmoja aliyekomaa aweza kuumaliza mche mzima. Lakini shamba lililokwisha kutambaa vizuri huchipua tena, na kwa kawaida hupoteza kidogo tu ya mavuno yake. Adui mkubwa zaidi wa kiazi kitamu katika Afrika ya Mashariki ni fukusi wa jenasi ya Cylas, mdudu mdogo ambaye mabuu yake hutoboa kiazi chenyewe na kukifanya kichungu, kisifae kuliwa. Fukusi hufanya kazi yake gizani chini ya udongo. Kiwavi wa nondo hufanya yake juu ya majani mbele ya macho ya watu. Hivyo hutokea mara nyingi kwamba aonekanaye ndiye apigwaye, na afichikaye huachwa.

Hatari kubwa zaidi huanza pale mkulima, kwa kuogopa pembe ya kiwavi, anapopulizia dawa ya sumu shamba zima. Matembele huchumwa kidogo kidogo, karibu kila siku, kwa ajili ya mboga. Kila dawa ya wadudu ina muda wake wa kungoja kabla ya mazao kuliwa, nao huandikwa katika kibandiko cha chupa. Jani lililopuliziwa jana na kupikwa leo huipeleka sumu ile mezani. Isitoshe, dawa huwaua pia nyigu wadogo wanaotaga ndani ya mayai ya nondo huyu, na nzi ambao mabuu yao hula viwavi kutoka ndani. Wakifa hao, nondo atakayerudi msimu ujao hatakuwa na wa kumzuia.

Njia zilizo rahisi zafaa zaidi kwa shamba dogo. Ya kwanza ni kupita shambani na kutazama chini ya marando: vinyesi vikubwa vya kiwavi, vigumu na vyeusi kama punje, huonyesha mahali alipo hata kama rangi yake imemficha. Ya pili ni kuwaokota viwavi kwa mkono, kazi ambayo wanafunzi wa shule yenye shamba waweza kuimaliza kwa saa moja. Ya tatu ni kupindua matuta baada ya mavuno, ili pupa watoke juu wakaliwe na kuku na ndege. Njia hizi haziharibu mboga wala hazigharimu fedha.

Faida uani na msituni

Hadi hapa nondo huyu aonekana kuwa ni mharibifu tu. Lakini kiwavi ndiye alaye majani; nondo mzima hawezi kutafuna jani hata moja. Chakula chake ni mbochi, na katika kuitafuta huhama kutoka ua hadi ua akichukua chavua.

Maua mengi yanayofunguka jioni ni meupe au ya rangi hafifu, yenye harufu kali na mrija mrefu. Sifa hizo si za bahati. Rangi nyeupe huonekana gizani, harufu husafiri mbali usiku, na mrija mrefu huficha mbochi mahali ambapo mdudu mwenye mrija mfupi hawezi kufika. Mwaka 2002 watafiti wa Sweden, Almut Kelber na wenzake, walionyesha kwamba nondo wa familia hii huweza kutofautisha rangi hata katika mwanga wa nyota peke yake, ambao mwanadamu haoni rangi yoyote. Na mwaka 2016 Steven Johnson na Robert Raguso walieleza kwamba Agrius convolvuli, yule yule wa mashamba ya viazi, ni mchavushaji mkuu wa mimea mingi ya Afrika yenye maua ya mrija mrefu. Kwa mimea hiyo, kukosekana kwa nondo ni kukosekana kwa mbegu.

Mfano ulio karibu zaidi na jikoni ni mpapai. Kila mtu wa Pwani ajua kwamba kuna mpapai dume na mpapai jike. Maua ya dume hushuka kwa mashada, na ndani yake mna chavua na mbochi. Ua la jike ni kubwa zaidi, lakini halina mbochi ya kumlipa mgeni. Basi mdudu huenda kwake kwa nini? Mwaka 1976 mtaalamu wa mimea H. G. Baker alieleza kuwa wadudu huliendea ua la jike kwa kukosea: rangi na harufu yake hufanana na za dume, na gizani nondo hulijaribu kabla ya kugundua kwamba ni tupu. Kosa hilo dogo ndilo liachalo chavua na kuzaa papai.

Kenya, mtafiti Dino Martins pamoja na Steven Johnson walichunguza jambo hili katika mashamba ya mipapai, wakachapisha matokeo yao mwaka 2009. Waliona kwamba nondo wa familia ya Sphingidae ndio wachavushaji wa mipapai hiyo, na kwamba umbali wa shamba kutoka kwenye uoto wa asili, pamoja na hali ya uoto huo, huathiri kazi yao. Somo hili lafaa Unguja pia. Vichaka vya kando ya mashamba, misitu ya Masingini na ya Jozani, na mimea itambaayo mchangani ufukweni, iliyo ndugu wa kiazi kitamu, si pori lisilo na kazi. Humo wachavushaji wa usiku hupata chakula na mahali pa kuzalia. Kadhalika mkulima akataye mipapai dume yote kwa kuwa haizai, hukata chavua ihitajiwayo na mipapai jike, na huondoa mbochi iwavutayo nondo shambani kwake.

Wageni wawili na mwenyeji mmoja

Kiazi kitamu na mpapai, yote miwili, asili yake ni nchi za joto za Amerika. Ililetwa na mabaharia na wafanyabiashara, ikapokewa, na leo ni vigumu kuifikiria Zanzibar bila yake. Nondo wa viazi vitamu ni mwenyeji wa huku. Kabla ya mimea hiyo kufika, viwavi wake walikula mimea ya porini ya familia ya Convolvulaceae, na nondo wazima walinyonya maua ya porini. Wageni walipofika, mwenyeji aliwatambua kwa alama zake mwenyewe: mmoja alimwona kuwa ni chakula cha watoto wake, na maua ya mwingine yakamvuta usiku kama yalivyomvuta ya porini.

Kwa hiyo swali kama nondo huyu ni adui au rafiki halina jibu moja. Kiwavi katika shamba changa ni adui, na inafaa aokotwe. Nondo barazani ni mchavushaji aliyepotezwa njia na taa. Akibaki ukutani hadi asubuhi, atakuwa chakula cha mjusi kafiri, paka au kunguru. Njia ya kumsaidia ni nyepesi: taa izimwe kwa dakika chache, au afunikwe kwa kikombe na kutolewa nje gizani.

Kazi kwa madarasa ya elimu ya viumbe

Shule yaweza kuongeza maarifa haya kwa kazi mbili zisizohitaji vyombo vya gharama.

Kazi ya kwanza ni kumlea kiwavi. Kiwavi aliyekomaa awekwe katika ndoo yenye udongo mwororo wa kina cha sm 15, apewe matembele mabichi kila siku, na ndoo ifunikwe kwa kipande cha chandarua. Wanafunzi waandike kila siku urefu wake, rangi yake na idadi ya majani aliyokula. Akiisha kujifukia, udongo uachwe na unyevu kidogo hadi nondo atoke. Ndani ya ndoo iwekwe kijiti cha kupandia, kwa kuwa nondo mpya hana budi kuning'inia ili mabawa yake yanyoke na kukauka.

Kazi ya pili ni ya mpapai jike. Machipukizi ya maua yanayokaribia kufunguka yagawanywe makundi manne, na kila kundi litiwe alama ya uzi wa rangi yake. Kundi la kwanza lifunikwe kwa chandarua tangu kabla ya magharibi hadi alfajiri, na kufunuliwa mchana. La pili lifunikwe mchana na kufunuliwa usiku. La tatu lifunikwe wakati wote, ili kuona kama ua laweza kuzaa bila kuchavushwa. La nne liachwe wazi. Baada ya wiki tatu, matunda yaliyoshika katika kila kundi yahesabiwe. Kundi la pili likizaa zaidi ya la kwanza, darasa litakuwa na ushahidi wake lenyewe kwamba katika ua ule kazi hufanyika usiku. Matokeo yakiwa kinyume, nayo yaandikwe vile vile, kwa tarehe, mahali na hali ya mvua. Kisha mipapai dume iliyo karibu ihesabiwe, na uchunguzi urudiwe msimu unaofuata.